Mama alikuwa akikata simu kabla dakika haijaisha

Sekunde 52. Sekunde 57. Sekunde 49. Sekunde 58.

Nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda usiku, napitia orodha ya simu kutafuta namba ya fundi, ndipo jicho likanasa kwenye jina la mama. Kila simu aliyonipigia mwezi ule ilikuwa imeishia kabla ya dakika moja. Nikarudi nyuma mwezi mwingine. Vilevile. Nikazidi kurudi hadi orodha ikakoma. Kati ya simu 31 alizonipigia, ndefu kuliko zote ilikuwa ya sekunde 59.

Nikimpigia mimi, tunaongea dakika 15, 20, hata 40. Anasimulia, anacheka, anauliza jambo lile lile mara mbili. Akipiga yeye, ni salamu, neno moja la haja, "haya mwanangu, tutaongea," na simu imekatika sijamjibu.

Wiki tatu jambo hili lilinikaa moyoni. Nilidhani nimemkosea. Nilidhani anaumwa na hataki nijue, maana wazazi wengi huficha maumivu ndani ya salamu fupi. Kuna usiku niliwaza kwamba amenichoka.

Kumbe ilikuwa habari ya kifurushi.

## Nilichomnunulia

Baba alipokuwa hai, mambo yote ya simu yalikuwa mikononi mwake. Yeye ndiye aliyeongeza salio, yeye ndiye aliyejua kifurushi kinakwisha lini, yeye ndiye aliyesoma ujumbe wa mtandao na kuufuta. Alipofariki, simu ya mama ikawa jukumu langu, nami nikalibeba kama tunavyofanya wengi tunaoishi mbali na wazazi. Nikafungua programu ya mtandao wake, nikatafuta kifurushi kikubwa ambacho mfuko wangu ungekiweza, nikamuunganishia. Dakika 600, data GB 15, ujumbe usiohesabiwa, siku 30. Nikampigia: "Mama, sasa una dakika tele, piga unavyotaka." Akashukuru, akaniombea dua.

Sikumuuliza swali hata moja.

Sikumuuliza anampigia nani. Sikumuuliza kama anasikia vizuri. Wala sikufikiria simu aliyonayo, simu ya batani yenye kioo kidogo na tochi juu, ambayo isingeweza kutumia GB 15 hata kama mwenyewe angetaka. Data ile iliingia, ikakaa siku 30, ikafutika. Mwezi uliofuata ikaingia nyingine. Miezi 14 niliilipia data iliyokuwa ikifia ndani ya simu isiyoijua.

Nikijiuliza leo kwa nini nilichagua kile, jibu linaniuma: kilinipa mimi utulivu. Ukubwa wake ulinifanya nione nimetimiza wajibu.

## Daftari

Nilipokwenda kumtembelea, nilikuta chini ya simu yake daftari la shule, lile la mistari, jalada limekunjika pembe. Nilidhani ni la namba za watu. Nikalifungua.

Kila ukurasa ulikuwa na majina upande wa kushoto, na mbele ya kila jina vijiti vya kalamu: kijiti kimoja, kijiti kimoja, viwili, kimoja. Mbele ya jina langu vilikuwa vijiti vingi kuliko vya wengine, lakini kila siku ilikuwa na kimoja tu. Nikamuuliza ni nini.

"Dakika," akasema.

Akanieleza kwa utulivu, kama mtu anayeeleza jambo ambalo kila mtu analijua. Baba alimfundisha zamani kwamba dakika ikianza tu umeshailipia yote. Ukiongea dakika moja na sekunde mbili, umelipa dakika mbili. "Sasa niianze ya pili kwa ajili ya neno 'kwaheri'?" Kwa hiyo alikuwa akiongea huku macho yakiwa kwenye kioo, akiangalia sekunde zinavyopanda, na zikifika 50 anaanza kuaga.

Baba hakumdanganya. Mitandao mingi ilitoza hivyo, na bado ipo inayokamilisha dakika: sekunde moja ya ziada inahesabiwa kama dakika nzima. Mingine siku hizi inatoza kwa sekunde. Ni jambo dogo lililoandikwa kwa maandishi madogo kwenye masharti, lakini mtu aliyejifunza simu wakati wa kutozwa kwa dakika nzima halisahau.

Nikamwambia, mama, lakini una dakika 600. Akanitazama.

"Si zako? Wewe unalipa kila ninapopiga. Na una watoto."

Nilikaa kimya. Miezi yote ile aliamini kwamba kila dakika anayotumia inatolewa mfukoni mwangu hapo hapo, wakati anaongea. Alikuwa ananihurumia. Zile sekunde 58 zilikuwa huruma yake.

Halafu akanionyesha kitu kingine. Kila akimaliza kuongea, simu inalia na ujumbe unaingia. Hawezi kuusoma bila miwani, na hata akivaa miwani, umejaa vifupisho na namba. Nikausoma: umetumia dakika 1, umebakiwa na dakika 561, data MB 15360, kwa maelezo zaidi bonyeza nyota hivi na hivi.

"Kila nikiongea wananiandikia," akasema. "Wananidai?"

Wananidai. Mtandao ulikuwa unamtangazia utajiri wake, na yeye alisoma deni.

## Wiki moja ya kuhesabu upya

Ushauri unaotolewa kila mahali kuhusu kumchagulia mzee kifurushi ni huu: angalia matumizi ya miezi mitatu iliyopita, kisha nunua kinachotosha. Nami nilitaka kufuata hivyo. Nikachukua daftari, nikaanza kujumlisha vijiti. Wastani ulikuwa chini ya dakika 40 kwa mwezi. Kwa hesabu hiyo, kifurushi kidogo kuliko vyote kingemtosha na kubaki.

Ila hesabu ile haikuwa ya matumizi yake. Ilikuwa hesabu ya hofu yake. Mtu aliyekuwa anajibana miezi 14, ukipima alichotumia, unapima alivyojibana. Ukimnunulia kulingana na hapo, umemjengea ukuta pale pale alipokuwa amejifungia.

Hapa ndipo nilipotofautiana na mdogo wangu, na tulibishana kwenye simu jioni nzima. Yeye alisema tumnunulie mama simu janja, tumwekee intaneti, tuongee naye kwa video, mambo ya dakika yaishe. Hoja yake ilikuwa na uzito. Kuona uso wa mama si jambo dogo. Lakini nilikuwa nimekaa naye siku mbili, nimeona vidole vyake vinavyotetemeka kidogo asubuhi, nimeona anavyoipenda batani inayobonyea na kutoa mlio. Kioo cha kugusa hakimwambii kidole chako kwamba kimefika. Nilimuuliza mwenyewe. Akasema, "Mimi nataka kupiga simu." Nikaona swali limejibiwa na mwenye jibu.

Tukafungua ukurasa mpya wa daftari. Nikamwomba wiki moja aongee bila kuangalia kioo, aandike tu nani amepiga na nani amepigiwa. Siku mbili za kwanza alishindwa. Alikuwa anageuza simu kifudifudi mapajani kabla ya kuiweka sikioni, ili asishawishike. Siku ya nne nikamsikia chumbani anacheka kwenye simu na mama mdogo, na nilipoangalia saa, robo saa ilikuwa imepita.

Mwisho wa wiki: alipiga simu 11, alipokea 26. Watu wenyewe ni watano tu, ukitoa kliniki. Dakika alizopiga yeye zilikuwa 64. Ujumbe alioandika: hakuna.

Simu anazopigiwa hazimgharimu kitu, kwa kuwa sehemu kubwa ya dunia anayelipa ni anayepiga. Msomaji mwenye mzazi Marekani au Kanada aliangalie hili, kwa sababu huko dakika za kupokea nazo hukatwa kwenye kifurushi cha mpokeaji, na kwa mzee anayepigiwa kuliko anavyopiga, hesabu inabadilika kabisa.

## Bila kikomo

Kwa dakika 64 kwa wiki, kifurushi cha dakika 300 kwa mwezi kingetosha, na kingekuwa nusu ya bei niliyokuwa nalipa. Nilikaribia kukichukua. Kidole kilikuwa juu ya kitufe cha kuthibitisha.

Nikamkumbuka na lile daftari.

Dakika 300 ni namba. Namba inahesabika. Angeanza upya kuchora vijiti, safari hii akijua kabisa kwamba mwisho upo. Kulikuwa na kifurushi kingine, cha kupiga bila kikomo na data kidogo sana ya hapa na pale, kilichozidi kile cha dakika 300 kwa tofauti ndogo, na bado kilikuwa chini ya nilichokuwa nalipa. Hesabu ya pesa ilisema chukua cha 300. Nilichukua cha pili. Nililipia ile tofauti ili mama aache kuhesabu, na sijawahi kuijutia.

Ila maneno "bila kikomo" yana vikomo, na ilinibidi nipige simu huduma kwa wateja mara mbili ili nivijue. Kwanza, bila kikomo kwa nani? Vifurushi vingi huruhusu hivyo ndani ya mtandao wenyewe tu, na rafiki yake mkubwa yuko mtandao mwingine. Nilihakikisha ni mitandao yote, na simu za mezani zimo, kwa sababu kliniki wanatumia simu ya mezani. Pili, nje ya nchi haimo. Mama mdogo anaishi ng'ambo, kwa hiyo tukakubaliana yeye ndiye atakayekuwa anapiga, mama akimbip. Tatu, namba fupi za huduma za kulipia hazimo, na mzee anaweza kubonyeza moja kwa bahati mbaya akajikuta ameunganishwa na huduma ya nyimbo za mlio au ujumbe wa kila siku inayokula salio kimya kimya. Nilipoomba waangalie laini yake, walikuta huduma mbili za aina hiyo. Hakuna aliyezijua. Nikaomba zifungwe, na laini izuiwe kujiunga na nyingine.

Swali la nne nusura nilisahau: kifurushi kikiisha, nini kinatokea? Kwa mitandao mingi simu haikatiki, inaendelea kutozwa kwa bei ya kawaida kutoka kwenye salio, na bei hiyo ni kubwa mara nyingi kuliko ya kifurushi. Mzee haoni tofauti. Anaongea kama jana, salio linakwenda.

Na kuna hili la siku. Kifurushi cha "mwezi" mara nyingi ni cha siku 28. Mwaka una siku 365, gawanya kwa 28, unapata 13. Unalipa miezi 13 kwa mwaka wa miezi 12, na mbaya zaidi kwa mzee, tarehe inasogea kila mara, kwa hiyo hawezi kuikariri. Changu ni cha siku 30, kinajirudia chenyewe, na bado tarehe inateleza kidogo kidogo. Ningepata kinachoanza tarehe moja kila mwezi ningekichukua hata kwa nyongeza.

Nilipoteza siku mbili nikiwaza malipo ya kabla au malipo ya baada. Malipo ya baada yana faida moja kubwa: simu haizimiki kwa sababu mtoto amesahau kulipia. Lakini mara nyingi yana mkataba wa miezi 12 au 24, na bili ya mshangao kama mtu amepiga mahali pasipomo. Malipo ya kabla hayavuki kile ulichoweka. Hatari yake ni kwamba laini isiyoongezwa salio kwa muda fulani hufungwa, na namba yake hupewa mtu mwingine baadaye. Kwa mzee anayepokea tu na hapigi, hilo hutokea kweli. Nilichagua ya kabla, inayojilipa kutoka kwangu, na nikaweka ukumbusho wa kuangalia kila mwezi kama imepita.

Vifurushi vyenye jina la wazee nilivitazama pia. Vingine vina manufaa, hasa vinavyoleta mtu wa kuongea naye huduma kwa wateja badala ya sauti ya mashine inayosema bonyeza moja, bonyeza mbili. Lakini jina pekee halishushi bei. Kimojawapo nilichokiona kilikuwa na dakika chache kuliko kile cha kawaida cha bei ile ile.

## Saa sita, saa tisa

Kuna jambo sikulitafuta, likanijia lenyewe.

Mama aliikosa kliniki mwaka jana. Walimpigia kumwambia saa sita, akaenda saa tisa. Sote tulidhani amesahau, na mdogo wangu akaanza kuzungumza kwa sauti ya chini kuhusu kumbukumbu zake. Siku ile ya tano ya kukaa naye, nilikuwa jikoni, nikampigia kutoka chumba kimoja hadi kingine kujaribu simu. Nikamwambia, "Mama, nakuja saa sita." Akajibu, "Haya, saa tisa."

Kumbukumbu zake hazikuwa na kasoro. Hakusikia.

Masikio yakizeeka, hupoteza kwanza sauti za juu, na sauti za juu ndizo zinazobeba konsonanti kama s, f na sh. Irabu zinabaki nzito na wazi. Kwa hiyo mtu anasikia kwamba unaongea, anasikia wimbo wa sentensi, lakini maneno yanakuwa kama picha iliyofutika kingo. Sita na tisa zina irabu zile zile, i na a. Kinachozitofautisha ni mahali pa s na t, na hapo ndipo sikio lake lilipochoka.

Simu nayo inaongeza tatizo. Simu ya kawaida hupitisha sauti za kati ya Hz (mitetemo kwa sekunde) 300 na 3,400 tu. Sehemu kubwa ya nguvu ya herufi s iko juu ya hapo. Yaani hata kijana mwenye masikio mazima hasikii s yote kwenye simu ya zamani, ubongo wake unaijaza. Mzee amepoteza sauti hizo mara mbili, kwenye simu na kwenye sikio.

Ipo sauti pana, inayofika kama Hz 7,000, nayo hupita vizuri mtandao wa 4G unapobeba simu zenyewe, mfumo unaoitwa VoLTE. Masharti yake ni matatu: simu yake iwe nao, simu yangu iwe nao, na mtandao uwe umeufungua kwenye laini ile. Simu za batani za 4G zipo. Nilimtafutia moja yenye namba kubwa na sauti inayopanda sana. Kabla ya kulipa nikauliza mtandao wake kama unaitambua simu ya aina ile kwa VoLTE, kwa sababu simu inaweza kuwa ya 4G na bado ikashuka 2G au 3G kila unapopiga.

Mara ya kwanza kumpigia kwenye simu mpya, alikaa kimya kidogo. Kisha akasema, "Umekuja karibu."

Msomaji ambaye mzazi wake anavaa kifaa cha kusaidia kusikia, angalia kama kasha la simu lina herufi M na T zenye namba. M3 au M4 maana yake simu haitavuma sana ndani ya kifaa. T3 au T4 maana yake inafanya kazi na koili ya kunasa sauti ya simu iliyomo kwenye baadhi ya vifaa. Kadiri namba inavyopanda ndivyo ilivyo bora. Inachukua dakika moja kuangalia na inaokoa simu kurudishwa dukani.

## Mnara unaozimwa

Simu yake ya zamani nilitaka kuibakiza kama ya akiba. Nikaachana na wazo hilo niliposoma yaliyotokea kwingine. Marekani mitandao mikubwa ilizima 3G mwaka 2022. Australia ilimaliza Oktoba 2024, na huko baadhi ya simu za 4G zilifungiwa kabisa, kwa sababu zilikuwa zinategemea 3G kupiga simu za dharura. Simu ilikuwa nzima mkononi, betri imejaa, na haifai tena.

Wazee ndio wanaoshika simu za zamani muda mrefu kuliko wote. Kwa hiyo ukimchagulia mzazi mtandao, uliza 2G na 3G zitazimwa lini pale alipo. Kifurushi cha bei nafuu kwenye simu itakayokufa mwaka ujao si nafuu.

Na kuhusu dharura: mama aliamini kwamba salio likiisha hawezi kuita msaada. Aliniambia hilo kama jambo la kawaida, kwamba usiku huwa anabakiza kidogo "ikitokea." Katika nchi nyingi simu ya dharura haikatwi salio wala haihitaji kifurushi. Nilimwandikia namba ile kwa kalamu nene na kuibandika nyuma ya simu, nikamwambia hiyo unapiga hata ukiwa na sifuri. Aliuliza mara tatu kama nina uhakika.

## Laini ya nani

Sehemu hii bado sijaimaliza moyoni.

Kuna kifurushi cha familia ambacho kingepunguza gharama ya kila laini. Ningekuwa mimi mwenye akaunti, mama na mdogo wangu chini yangu. Ningeona amepiga kwa nani, muda gani. Nilimweleza, nikidhani atafurahia nafuu.

Akauliza, "Utakuwa unaona?"

Nikasema ndiyo, lakini sitaangalia. Akanyamaza, akakunja daftari. Akasema kwa upole kwamba tangu aolewe hajawahi kuwa na kitu kilichoandikwa jina lake peke yake, ila laini ile. Baba alimsajilia kwa jina la mama mwenyewe, miaka 16 iliyopita. Hakutaka ihame.

Nikafikiria hofu zangu. Matapeli wanaompigia mtu na kujifanya huduma kwa wateja. Wale wanaohamishia laini ya mtu kwenye kadi nyingine ili wapokee namba zake za siri. Kumlinda mtu na kumchungulia hupita mlango mmoja, na sikujua nisimame wapi. Mwishowe laini ilibaki yake, kwa jina lake. Mimi nalipia tu. Tulihama mtandao na namba ile ile, kwa sababu marafiki wa baba bado wanaijua na humpigia siku za kumkumbuka. Nilimwomba jambo moja: mtu yeyote akimwomba namba iliyotumwa kwenye simu yake, akate, hata akijitambulisha kuwa mimi.

Tukaweka namba ya siri ya kadi ya simu. Nilimweleza kwamba akikosea mara tatu itajifunga, na itabidi itumike namba ya PUK ya tarakimu nane. Nayo ikikosewa mara kumi kadi inakufa. Kadi ile ya plastiki yenye PUK ameiweka ndani ya daftari, kwenye ukurasa wa vijiti. Nilitaka kumwambia atafute mahali pengine. Nikaacha.

## Wiki iliyopita

Jumanne jioni jina lake likawaka kwenye simu. Nikapokea.

"Mwanangu, hujambo? Watoto wazima? Nimepigiwa na mama mdogo wako, anasalimia. Haya, tutaongea."

Ikakatika. Nikatazama: sekunde 56.

Nilikaa nikiitazama namba ile. Kifurushi hakina kikomo, nimemweleza mara nne, amekubali mara nne. Nikaanza kutafuta jina lake nimpigie mimi, kama zamani.

Simu ikalia tena. Ni yeye.

"Nimesahau kukuambia," akasema, "ule mti wa nyuma ya nyumba, ule baba yako alisema utakufa..." Akaanza kusimulia. Nikasikia kiti kikisogezwa. Nikasikia anakaa.